Je, Kuulizwa Miaka ni Kutukanwa?



Mwana wa kaka yangu yuko Uskoti, katika mji wa Glasgow, kwa masomo. Mchana yu chuoni, na jioni tatu katika juma hufanya kazi dukani, apate fedha ya chakula na ya kodi ya chumba chake. Duka lile lauza mikate, maziwa, sabuni na magazeti, na pamoja na hayo vileo na sigara. Mwezi uliopita aliniletea barua ndefu, na mwisho wake ameniuliza neno moja: “Baba mdogo, nilifanya haki, au nilikosa?” Nimelifikiri swali hili siku nyingi, nami naona si lake peke yake. Kwa hiyo nimeomba ruhusa yake nilieleze hapa, maana hata sisi tulio nyumbani latuhusu.

Habari yenyewe ni hii. Usiku mmoja, yapata saa tatu na nusu, aliingia kijana dukani akachukua chupa mbili za mvinyo, akazileta kwenye meza ya malipo. Uso wake ulikuwa wa kijana sana. Mwana wetu akamwuliza kama anacho cheti cha kuonyesha umri wake. Yule akajibu kwamba amekisahau nyumbani, kwa kuwa siku ile amemzika baba yake, na nyumba imejaa wageni waliokuja kumlilia, naye ametumwa kwa haraka. Nyuma yake alisimama mama mmoja mzee, jirani yake, naye akasema, “Ni kweli, mwanangu. Nalikuwapo mazikoni. Namjua huyu tangu kuzaliwa kwake. Amekwisha kupata miaka 24.” Mwana wetu alimwamini mama yule. Hata hivyo alikataa kuuza. Kurudi nyumbani kuleta cheti hakukuwezekana, maana katika Uskoti duka haliruhusiwi kuuza vileo baada ya saa nne ya usiku. Ndipo kijana yule akazisukuma chupa zikaanguka na kuvunjika. Akamtukana mwana wetu kwa rangi yake na kwa nchi yake, akatoka akilia.

“Nilisafisha sakafu,” ameandika, “na mikono yangu ilitetemeka. Sikujua kama natetemeka kwa hasira au kwa haya.”

Kabla ya kumhukumu mtu, kwanza tuijue sheria ya nchi anamokaa. Huko Uskoti, kama ilivyo katika Uingereza yote, ni marufuku kumwuzia vileo mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria za namna hii si mpya. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kuwalinda watoto, nayo ilikataza kuwauzia tumbako walio chini ya miaka 16. Na mwaka 2007 mpaka huo ulisogezwa hata miaka 18. Katika mwaka 1923 Bibi Nancy Astor, mwanamke wa kwanza aliyeketi katika Bunge la Uingereza, aliipitisha sheria ya kukataza vileo kuuzwa kwa vijana walio chini ya miaka 18.

Lakini macho ya mwuzaji hayawezi kuhesabu miaka ya mtu. Kijana wa miaka 16 aweza kuwa na ndevu, na mtu wa miaka 23 aweza kuwa na uso laini kama wa mwanafunzi. Kwa hiyo tangu mwaka 2011 sheria ya Uskoti imeyaagiza maduka yote yenye leseni ya vileo yawe na desturi hii: kila mnunuzi anayeonekana kuwa chini ya miaka 25 aulizwe cheti, yaani pasipoti, au leseni ya udereva yenye picha, au kitambulisho kingine kinachokubaliwa. Ushuhuda wa jirani si cheti. Kumwuzia mtu wa miaka 24 si kosa la kumwuzia mtoto, ni kweli. Walakini kumwuzia bila kuona cheti ni kuvunja sharti la leseni ya duka. Naye karani anayemwuzia mtoto aweza kushtakiwa yeye mwenyewe, wala si mwenye duka peke yake. Tena wakati mwingine wakubwa wa serikali humtuma kijana asiyetimiza miaka aende kununua, ili waone kama duka lashika sheria. Mwuzaji hajui ni nani aliyesimama mbele yake.

Sasa na tuyatazame mashtaka ya kijana yule aliyekataliwa, maana sisi tusikatae kumsikiliza.

Shtaka la kwanza ni kwamba kumwuliza mtu cheti ni kumdhania kuwa mwongo. Neno hili lina uzito. Katika Amri ya Nane tunafundishwa kumwazia jirani mema na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio bora. Basi, mtu akisema, “Nina miaka 24,” nami nikamwambia, “Nionyeshe,” je, sikuivunja amri?

Naona sivyo, nami nitaleta mfano kutoka kwetu wenyewe. Kila Jumapili, baada ya ibada, sadaka huhesabiwa na wazee wawili au watatu pamoja, na hesabu huandikwa. Hapana mzee asemaye, “Mwanihesabia pamoja nami kwa kuwa mwanidhania mwizi!” Kila mmoja ajua kwamba desturi ile haikuwekwa kwa ajili yake. Imewekwa kwa ajili ya kazi, nayo humlinda hata yeye, mtu asije akamsingizia. Kuulizwa huwa matusi pale ambapo mmoja huulizwa na mwenzake huachwa, kwa sababu ya nguo zake au rangi yake au kabila lake. Ndiyo maana mpaka wa kuuliza umewekwa miaka 25, mbali kidogo na miaka 18. Karani hasemi, “Wewe u mtoto.” Asema tu, “Uso wako hauniambii, nami nawauliza wote walio kama wewe.” Anayewauliza wote sawasawa hakumshtaki mtu awaye yote.

Shtaka la pili ni hili: hesabu ya miaka 18 imetoka wapi? Haikuandikwa mbinguni. Katika Marekani, tangu sheria ya mwaka 1984, mtu hawezi kununua vileo mpaka atimize miaka 21. Na tangu Desemba 2019 tumbako nayo ni vivyo hivyo. Katika Ujerumani, nchi ya Luther, kijana wa miaka 16 aweza kununua bia na mvinyo, ila pombe kali ni mpaka miaka 18. Kijana mmoja basi, akivuka bahari na mipaka, huwa mtu mzima hapa, na mtoto kule, na nusu mtu mzima mahali pengine! Babu zetu nao hawakuhesabu miaka. Walimjua mtu kwa rika lake na kwa mafundisho aliyopewa. Wazee wengi wa zamani hawakuujua hata mwaka waliozaliwa, wala hapana aliyewadharau. Je, mpaka wa namna hii waweza kuifunga dhamiri ya mtu?

Sisi watu wa Kilimanjaro tunajua jibu, maana tunalo isale. Isale ni mmea tu, majani yake mtu huyachuma kwa mkono mmoja. Tunaupanda mpakani mwa kihamba na kihamba. Mpaka ungaliweza kupita hatua mbili huku au hatua mbili kule. Udongo wa upande huu na wa upande ule ni udongo ule ule, na mgomba haujui umeota kwa nani. Lakini isale ikiisha kupandwa mbele ya mashahidi, haing'olewi. Haishikwi kwa sababu hatua ile yenyewe ni takatifu. Yashikwa kwa kuwa pasipo mpaka kila mvua ingeleta ugomvi, na mwenye nguvu angemla mnyonge. Ndivyo ilivyo hesabu ya miaka. Hapana ajuaye hasa siku ambayo kijana aanza kuwa na akili ya kujizuia. Lakini twajua ya kuwa kileo na tumbako humharibu mtoto kuliko mtu mzima, na aanzaye mapema ni vigumu kuacha. Kwa hiyo ni lazima mpaka uwepo mahali fulani. Nao popote utakapowekwa, atakuwako mtu aliye karibu nao atakayesema kwamba ameonewa.

Shtaka la tatu ndilo lililo gumu. Karani alimwamini mama mzee. Moyoni mwake alijua kwamba kijana ametimiza miaka, tena amefiwa. Je, si ukatili kuishika sheria pale unapojua kwamba kusudi la sheria halikuguswa? Ilitungwa kuwalinda watoto, na pale hapakuwa na mtoto. Bwana wetu naye aliwakemea walioishika Sabato hata wakawasahau wagonjwa.

Nimelizungusha neno hili mara nyingi, na sasa naona mambo matatu.

Jambo la kwanza: huruma ya kweli hutoa kilicho chake. Nikimpa mwenye njaa mkate wangu, nimehurumia. Nikimpa mkate wa bwana wangu bila ruhusa yake, na kesho yeye ndiye atakayelipa, huruma yangu imelipwa na mtu mwingine. Karani yule hakuwa mwenye sheria wala mwenye leseni. Duka lile lina wafanya kazi wengine, nao wana watoto. Kama leseni ingaliondolewa, si yeye peke yake ambaye angalipata hasara.

Jambo la pili: tuangalie haja yenyewe. Kama mtu yule angalikuja kutafuta dawa ya kumwokoa mgonjwa asife, nami ningekuwa karani, ningesema sheria na ingoje, nami nitajibu kesho kwa mkubwa wangu. Mgonjwa wa Sabato alikuwa mgonjwa kweli. Mvinyo wa wageni ni heshima njema, lakini si uhai. Wageni wangaliweza kunywa chai usiku ule, na marehemu asipungukiwe na kitu. Kadiri haja ilivyo kubwa, ndivyo sheria inavyopaswa kuinama. Nayo haja ikiwa ndogo, sheria isimame.

Jambo la tatu: katika barua yake mwana wetu amesema kwamba mlangoni walisimama vijana wawili, wakitazama na kusikiliza. Sheria ifungukayo kwa machozi itafunguka kwa kila awezaye kulia. Kesho wale wawili wangalikuja na msiba wao na jirani yao. Karani hana mizani ya kupima machozi. Akijifanya hakimu wa mioyo, atawauzia wenye maneno mazuri na kuwanyima wasiojua kusema; na hapo ndipo atakapomwonea mtu kweli.

Basi, nilimwandikia hivi: “Katika kukataa hukukosa.” Lakini sikuishia hapo, maana katika barua yake kulikuwa na maneno machache aliyoyaandika kama neno dogo, nami naliona ndilo kubwa. Aliandika: “Nilimwambia hapana, na macho yangu yalikuwa juu ya mashine ya hesabu.”

Hapo naona kosa. Kijana yule alikataliwa, tena alikataliwa na mtu asiyemtazama. Siku ile alikuwa amemtia baba yake kaburini, naye hakusikia neno “pole.” Twajua sisi sote ya kuwa neno hilo halina bei, wala hapana serikali iliyolikataza. Ni vyepesi sana kujificha nyuma ya sheria kama mtu ajifichavyo nyuma ya mlango, mkono mmoja tu ukitokeza kusema hapana. Sheria iliyo njema kwa wengi yaweza kumwumiza mmoja; hayo hayaepukiki katika dunia hii. Lakini haifai kusema kwamba yule mmoja hakuumia. Yeye anayeishika sheria ana wajibu wa kuliona jeraha analolitia. Kama angaliinua macho akasema, “Pole sana kwa msiba wa baba yako. Nakuamini, walakini sina ruhusa,” labda chupa zingalivunjika vile vile. Lakini yeye asingalitetemeka kwa haya.

Na mnunuzi je? Msiba waweza kueleza hasira yake, walakini hauwezi kuyahalalisha matusi. Tukumbuke ni nani anayesimama penye meza ile usiku. Si waziri aliyeitunga sheria, wala si mwenye duka aliyelala kwake. Ni kijana wa mshahara mdogo, au mama anayetafuta karo ya mtoto. Mtu akichukizwa na sheria, hamwendei mwenye enzi. Humtukana aliye chini kabisa, kwa kuwa yeye hawezi kujibu. Mbele ya hakimu angalivua kofia. Huu ni uoga uliovaa nguo za ujasiri.

Tena mambo haya yamezidi hata yakafika bungeni. Chama cha wafanya kazi wa maduka huko Uingereza kiitwacho USDAW kimelia kwa miaka mingi kwamba watu wake wapigwa na kutishwa, na kwamba kumwuliza mtu umri ni mojawapo ya sababu za ugomvi. Mbunge mmoja wa Edinburgh, Daniel Johnson, alipeleka shauri mbele ya Bunge la Uskoti. Nalo likapitishwa Januari 2021, na sheria ikaanza kutumika tarehe 24 Agosti 2021. Yasema kwamba kumpiga, kumtisha au kumtukana mfanya kazi wa duka akiwa kazini ni kosa lenye adhabu yake, hata kufungwa miezi 12. Na kama alipotendewa hayo alikuwa akiishika sheria ya umri, yaani akiuliza miaka, au akiangalia cheti, au akikataa kuuza, basi kosa lahesabiwa kuwa zito zaidi. Ni haki hivyo. Serikali ikimtwika mtu mzigo wake, nayo imsaidie kuuchukua. Wenye maduka nao wajue wajibu wao: wasimwache mtumishi mmoja peke yake usiku, wala wasimwagize kukataa, kisha mteja akinung'unika wakamlaumu yeye.

Labda msomaji atasema, “Hayo ni ya Ulaya, sisi hatuulizwi vyeti dukani.” Ndugu, hapo ndipo napotaka kufika. Katika Tanganyika yetu, ambayo sasa ni Tanzania, sheria ya tumbako ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbako mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa jirani zetu wa Kenya ipo sheria ya tumbako ya mwaka 2007, na ya vileo ya mwaka 2010, nazo zasema miaka ile ile. Na tangu tarehe 1 Machi 2017 serikali yetu imepiga marufuku viroba, yaani vile vifuko vidogo vya pombe kali, ambavyo hata mtoto aliweza kuvinunua kwa fedha kidogo na kuvificha katika mfuko wa kaptura. Sheria tunazo. Lakini jioni, ni nani anayetumwa dukani kununua sigara za baba? Ni mtoto wa miaka minane. Na mwenye duka akimkataa, ni nani anayekuja kumtukana? Ni baba mwenyewe, labda ni mzee wa kanisa.

Nalikuwa mtoto kama huyo. Baba yangu alinituma kwa mwenye duka wa kijijini, mzee mmoja mpole, ninunue tumbako. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyomzuia, ila dhamiri yake tu. Akanirudishia fedha mkononi, akasema, “Mwambie baba yako miguu anayo.” Nikarudi nikayasema maneno yale kama nilivyoyapewa. Baba akaondoka kwa ghadhabu, akamtukana mzee yule mbele ya watu waliokuwa wakinunua chumvi, akimwambia kwamba amemdharau mbele ya mwanawe. Mzee hakujibu.

Siku tatu baba alikaa kimya nyumbani. Siku ya nne, asubuhi na mapema, nalimwona akienda mpakani mwa kihamba, akachuma jani moja la isale. Ninyi mlio wa kwetu mwajua maana yake, nao walio wa mbali na waelezwe: jani lile lile lilindalo mpaka ndilo tunalolichukua mkononi tukienda kuomba msamaha, na apelekewaye isale hawezi kukataa kusamehe. Alinichukua pamoja naye. Alimpa mzee jani, na mzee akalipokea, na wote wawili wakanyamaza kidogo. Kisha baba akanunua tumbako yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, nami nikiwa nimesimama nje.

Hakunituma tena. Alikuwa amejifunza kwamba yule aliyemkataa alikuwa akimlinda mwana wake, kazi ambayo baba angalipaswa kuifanya yeye.

Basi, waalimu na wazee, tusiwaachie wenye maduka peke yao kazi ya kulinda watoto wetu. Ukitaka sigara, nenda mwenyewe. Mtoto wako akirudishwa mikono mitupu, mshukuru aliyemrudisha. Ukiulizwa miaka yako katika nchi ya ugeni, itaje kwa furaha, maana pengine nyuma yako amesimama mtoto anayetazama. Na wewe unayeuza, shika mpaka wako, lakini inua macho umtazame mtu usoni.

Mwana wetu ameniandikia tena. Kijana yule hajarudi dukani hata leo. “Lakini kila ninapokataa,” asema, “sasa naitazama sura ya mtu, na nikimwona amefadhaika, namwambia pole.”